Gari imenyooshwa, imepigwa rangi, mbona bado inavuta? Kutafuta bodi ilipopinda baada ya ajali

Hii ni kwa wenye gari ndogo za kijapani tunazotembelea kila siku, IST, Vitz, Premio, RunX, Noah, zile ambazo hazina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo chasisi. Hilux, Land Cruiser 70 na Prado nitazigusa mbele kidogo.

Shida ninayoiona ni kwamba gari ikigongwa watu wanawaza rangi kwanza. Bampa likikaa, taa zikikaa, rangi ikifanana, basi gari imepona na hela inalipwa. Baada ya muda ndo inaanza, tairi inaliwa upande, stelingi imekaa mshazari, mlango unagoma, na kila fundi anatibu kile anachokijua yeye, wa alaimenti anazungusha tairodi, wa milango anagonga bawaba, muuza tairi anauza tairi, na hakuna hata mmoja aliyeingia chini ya gari na tepu. Na hiyo ndo gari inayobeba watoto kwenda shule na wazazi kwenda hospitali. Kwa hiyo nasema mapema kabisa: usikubali mtu avute, agonge au akate chochote kabla hajapima na kuandika vipimo kwenye karatasi.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba nguvu ya ajali inasafiri. Umegongwa kona ya mbele kushoto, ila reli ya mbele (ule mhimili wa chuma wa bodi unaopita pembeni ya injini) ikishajikunja nguvu inayobaki inapanda kwenye kikombe cha shokapu, inaenda kwenye nguzo ya mlango wa mbele, inashuka kwenye kizingiti, na wakati mwingine inatokea kwenye paa juu ya mlango wa nyuma. Ndo maana unakuta sehemu iliyogongwa imenyooka vizuri na sehemu ambayo hakuna aliyeiangalia bado imekunjamana. Angalia sila zile za kwenye maungio, kama imepasuka hapo pamesogea. Angalia rangi iliyochanika kwenye vitobo vya weldi za kiwandani, angalia paa pale linapokutana na nguzo kwa kulitazama kwa pembeni mwanga ukiwa mdogo, angalia sakafu chini ya kapeti. Na tembea na kasumaku kadogo, pale kasiponasa vizuri kwenye bati la chuma ujue kuna puti nene chini yake.

Vitu vidogo vya kuondoa njiani

Kabla ya kuilaumu bodi, jaza upepo sawa kwenye tairi zote, kisha badilishana tairi mbili za mbele, ya kushoto ipeleke kulia. Gari ikibadilisha upande inaovutia, tatizo ni tairi, mambo yameisha. Endesha kidogo bila kukanyaga breki sana halafu sogeza mkono karibu na rimu, moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake breki inashika. Pia kumbuka huku kwetu tunaendesha kushoto na barabara zimeinamia pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo gari kusogea kushoto taratibu ukiachia stelingi ni kawaida, jaribu sehemu iliyolala sawa kama uwanja mkubwa wa kuegesha. Kama baada ya hapo bado inavuta, sasa tuongee.

Gari inavuta upande mmoja

Hii ndo dalili kubwa kwa gari zilizogonga kalavati, ukingo wa barabara au shimo kwa kona ya mbele. Tairi inasukumwa nyuma. Ikisukumwa nyuma, pembe ya kasta ya upande ule, yaani mlalo wa shokapu ukiitazama gari kwa ubavuni, inapungua, na gari siku zote inavutia upande wenye kasta ndogo. Kwa hiyo ukigonga kushoto, tegemea ivute kushoto.

Kipimo chake ni rahisi mno. Nyoosha tairi za mbele, halafu pima kutoka ukingo wa rimu ya mbele mpaka ukingo wa rimu ya nyuma, sehemu ileile, kushoto na kulia. IST ya kwanza na Vitz ya kwanza ekseli mpaka ekseli ni milimita 2,370, Premio ile ya T240 ni 2,700, ila huhitaji hata kujua namba ya kiwandani, wewe linganisha pande mbili tu. Zikipishana milimita mbili tatu inaweza kuwa wewe na tepu yako. Zikipishana sentimita, hiyo tairi imerudi nyuma. (Zipo gari chache zilizoundwa na tofauti hiyo makusudi, Renault 4 ya zamani upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa zaidi ya sentimita 4, ila kwenye hizi Toyota zetu hamna kitu kama hicho.)

Sasa swali ni nani amerudi nyuma: mkono wa chini unaoishika tairi, krosimemba (lile chuma nene la chini ya injini ambalo mikono imefungwa kwake), au reli yenyewe ya bodi? Ingia chini. Pima kutoka boli jointi mpaka boliti ya nyuma ya mkono, linganisha na upande wa pili, ikitofautiana mkono umepinda, badilisha, usinyooshe mkono kwa nyundo na moto hata siku moja, ule ndo umeshika tairi yako. Mikono ikilingana, pima kutoka boliti ya krosimemba mpaka boliti ya bimu ya nyuma (chuma kinachounganisha tairi mbili za nyuma), kushoto na kulia na pia kwa mshazari. Ikitofautiana hapo, ama krosimemba imeteleza kwenye boliti zake ama reli imesogea nayo. Zungukia boliti za krosimemba uangalie, kama imeteleza utaona alama safi inayong'aa pale ilipokuwa imekaa zamani. Hiyo unalegeza, unairudisha, unafunga kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, na unashukuru Mungu. Kama haina alama ya kuteleza na vipimo vinatofautiana, reli ndo imeenda, hiyo ni kazi ya benchi, ile mashine ya kushika bodi na kuivuta.

Alaimenti imekataa, fundi anasema haisetiki

Omba karatasi ya mashine. Watu wengi hawaombi na fundi anaitupa, wakati hiyo karatasi ndo eksirei ya gari yako. Angalia kemba, yaani tairi inavyoinamia ndani au nje, na angalia namba iliyoandikwa SAI, ambayo ni mlalo wa shokapu ukiitazama kwa mbele. Jumlisha kemba na SAI kwa kila upande.

Tuseme kulia kemba ni 0 na SAI ni 10, jumla 10. Kushoto kemba ni -1.5 na SAI ni 11.5, jumla tena ni 10. Jumla zinalingana, maana yake shokapu na nako (chuma kinachobeba habu ya tairi) ya kushoto zimenyooka, kilichosogea ni mahali zilipofungwa, ama kikombe cha juu kimeingia ndani ama krosimemba imetoka nje. Ila kama kushoto kemba ni -1.5 na SAI imebaki 10, jumla ni 8.5, hapo nako au shokapu yenyewe imepinda na bodi haina kosa. Hesabu hii ya dakika moja inaokoa watu wasikatiwe bodi bure, na inaokoa wengine wasinunue shokapu mpya wakati kikombe ndo kimehama.

Na ukitaka kutofautisha kikombe na krosimemba: krosimemba ikisogea kwenda kulia inaharibu pande zote mbili kwa kinyume, kulia kemba inaingia ndani na kushoto inatoka nje. Kikombe kikihama kinaharibu upande wake tu. Fungua boneti upime kikombe kwa kikombe, halafu kila kikombe mpaka kona ya fremu ya rejeta ya upande wa pili, zile mbili za mshazari zilingane.

Kuna wanaotoboa tundu la shokapu liwe refu ili kemba ikae. Namba kwenye mashine zitakuja kijani kweli, ila kikombe bado kimehama, ncha za drivu shafti zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, na siku ukikanyaga breki kwa nguvu boliti inateleza kwenye hilo tundu refu. Kama umeshafanyiwa hivyo rudi ukadai kazi ifanyike.

Stelingi imekaa upande lakini gari inaenda moja kwa moja

Kama umebadilishiwa tairodi juzi, labda ni kuseti tu. Kama hujabadilisha, angalia nyuma. Ndiyo, nyuma. Tairi za nyuma ndo zinaiambia gari ielekee wapi, zikiangalia pembeni wewe unalazimika kugeuza stelingi kidogo muda wote ili uende mbele, na gari inatembea upande kama kaa. Mwambie mwenzako aendeshe polepole kwenye barabara iliyonyooka wewe ukiwa nyuma, utaiona. Au mwaga maji chini, apite taratibu, angalia alama, za nyuma zinatakiwa ziingie katikati ya za mbele kwa usawa pande zote.

Njia ya kamba nayo ni nzuri, nyoosha uzi ukiwa umegusa tairi ya nyuma sehemu mbili, uvute mpaka mbele, upime pengo kati ya uzi na tairi ya mbele. Sio lazima uguse, kwa sababu upana wa mbele na wa nyuma unaweza kutofautiana, ila pengo la kushoto na la kulia zilingane.

Kwenye IST na Vitz nyuma kuna bimu moja ambayo haina pa kuseti. Imepinda, unatafuta nyingine. Ila kabla hujaenda Kariakoo kununua, pima kwanza pale bimu inapofungwa kwenye bodi, maana ukigongwa nyuma kwa nguvu reli za nyuma zinasukumwa na bimu inafuata, utaweka bimu mpya itakaa vilevile mshazari na muuzaji harudishi hela.

Milango, boneti na buti

Mlango unaogoma una sababu mbili, bawaba au tundu la mlango lenyewe. Kuzitofautisha toa kile kidude cha chuma kwenye nguzo ambacho kitasa kinang'ata, kisha rudisha mlango taratibu uangalie unavyoingia. Mlango ukining'inia chini nyuma lakini tundu lina vipimo sawa, ni bawaba, iwe zimechoka au zimepinda. Ukiingia vizuri katikati ya tundu, basi kile kidude kilikuwa kimesogezwa na mtu ili kulazimisha. Kama mapengo yanabana juu na kuachia chini hata ufanye nini, pima tundu kwa mshazari, kona kwa kona, mlango wa kushoto na wa kulia.

Angalia pia pengo kati ya fenda na mlango wa mbele. Likibana juu na kupanuka chini, sehemu ya bodi iliyo chini ya kioo cha mbele imeshuka, bodi imelegea katikati, na hapo kusogeza fenda ni kuficha tu. Mapengo ya kulia na kushoto yakiwa yamebana sawasawa juu mpaka chini, gari imesogea nyuma kwa urefu. Boneti ikiwa mshazari kwenye pande zote mbili, moja wazi moja imebana, basi pua nzima imeenda pembeni. Ukisoma mapengo hivi unajua utavuta kuelekea wapi hata kabla ya kuingia chini.

Kioo cha mbele kikipasuka chenyewe baada ya kubadilishwa, au maji yakiingia kila mvua hata gundi iwe mpya, usiwape lawama waliofunga kioo mpaka umepima mshazari wa dirisha. Buti nalo ni hivyohivyo.

Injini mauntini inakatika kila mara, au drivu shafti inachomoka, au kuna mlio ukigeuza stelingi mpaka mwisho: hiyo baada ya ajali inaweza kuwa krosimemba au reli, rudi kule juu.

Kupima gari zima

Hapa naomba uwe mvumilivu, ndo moyo wa kazi. Tafuta sakafu iliyonyooka ya saruji. Inua gari kwenye stendi nne, usiamini jeki, urefu sawa pembe zote. Chagua sehemu ambazo kiwanda kimetoboa au kufunga kitu: matundu ya kwenye reli za mbele, boliti za krosimemba mbele na nyuma, matundu ya chini ya vizingiti, boliti za bimu, matundu ya reli za nyuma. Shusha timazi kutoka kila moja, weka alama ya chaki sakafuni, andika jina lake. Ukimaliza ondoa gari kabisa.

Sasa una picha ya bodi sakafuni. Chukua alama nne za katikati, za vizingiti, pima mshazari wake. Zikilingana, katikati ya gari iko sawa na unaweza kuitumia kama msingi. Zisipolingana, kazi inaanzia hapo, usiguse pua. Gawa kila jozi ya katikati, pata nusu yake, piga mstari wa chaki kupitia hizo nusu na uurefushe mpaka mbele na nyuma. Nusu ya kila jozi nyingine lazima iangukie kwenye huo mstari. Pale inapoanza kuukwepa ndo pua au mkia umeanza kwenda pembeni. Halafu pima mshazari wa kila boksi, krosimemba na kizingiti, kizingiti na bimu, na kuendelea. Kwa urefu wa juu na chini pima kutoka tundu hadi sakafuni kabla hujashusha gari, kona moja ikiwa juu na ya mshazari wake nayo juu, bodi imejisokota.

Kiwango ambacho wengi wa kazi hii wanakifuata ni kupishana kusizidi milimita 3. Na kuwa makini, matundu mengine kiwandani hayajatobolewa sawa kushoto na kulia, ukiona tofauti kwenye jozi moja tu na nyingine zote ziko sawa, linganisha na gari nyingine ya aina ileile kabla hujavuta.

Kwa Hilux, Land Cruiser 70 na Prado mtindo ni huohuo, ila chasisi ya ngazi ina ugonjwa wake, reli moja inasukumwa nyuma na mstatili wote unalala. Mshazari unakwambia papo hapo. Na huko bodi inaweza kuteleza juu ya chasisi nzima, kwa hiyo angalia bushi za bodi kabla ya kusema chasisi imepinda.

Kuvuta

Toa terminali hasi ya betri na subiri, Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eabegi, na usichomelee umeme betri ikiwa imeunganishwa. Bodi ishikwe sehemu nne kwenye kingo za vizingiti. Kufunga gari kwenye mti au nyuma ya lori na kuvuta kwa mnyororo hakunyooshi, kwa sababu hakuna kinachoshika katikati, nguvu inaenda kwenye sehemu dhaifu zaidi na mara nyingi hiyo ni sehemu ambayo ilikuwa nzima.

Vuta kwa kinyume cha jinsi ilivyoingia, kilichopinda mwisho kinatoka kwanza. Vuta kidogo, shikilia hapohapo, gonga taratibu kwenye mikunjo ili chuma kilegee, achia, pima. Chuma kinarudi kidogo kikiachiwa, kwa hiyo kinavutwa kupita kidogo halafu kinaachiwa kirudi mahali pake, na kiasi hicho ni tepu inakwambia, sio jicho. Funika mnyororo na blanketi zito na asisimame mtu kwenye mstari wake.

Kilichopinda kinanyooshwa, kilichokunjika mpaka kikaweka kona kali kinabadilishwa. Moto wa gesi kwenye nguzo ya katikati na vizingiti kwa gari za karibuni hapana kabisa, hicho chuma kigumu kikipashwa kinapoteza nguvu na huwezi kuiona kwa macho. Na ile mikunjo na vitobo vya kiwandani kwenye reli za mbele usivizibe kwa kuchomelea bati la kuimarisha, vimewekwa ili reli ijikunje pale wakati wa ajali, ukizifanya ngumu nguvu inakuja kwa dereva na eabegi inaweza kufunguka kwa wakati usio wake. Mahali palipochomelewa pakipoa, paka dawa ya kutu ndani ya boksi, sio nje tu.

Ikiwa bado haieleweki

Inawezekana gari ilikuja ikiwa hivyo. Ukiwa na karatasi ya mnada wa Japani, daraja R au RA maana yake imeshagongwa na kurekebishwa, XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa na W ni sehemu iliyonyooshwa. Ajali yako ya juzi imekuja juu ya nyingine ya zamani, na fundi anajaribu kurudisha vipimo ambavyo hata siku unainunua havikuwepo. Mwambie ukweli huo mapema.

Gari zenye kamera kwenye kioo au rada mbele, na Toyota wameanza kuzitia Safety Sense, mfumo wao wa kumsaidia dereva, tangu 2015, zinahitaji kamera na rada hizo zisetiwe upya baada ya kunyoosha, vinginevyo gari inaweza kusoma mstari wa barabara vibaya na kukufungia breki bila sababu.

Alaimenti inakuwa ya mwisho kabisa, baada ya vipimo vya bodi kukaa. Dai karatasi mbili: vipimo vya chini kabla na baada ya kuvuta, na ile ya mashine. Endesha siku chache, rudi wakaze tena boliti za krosimemba na mikono, na pima tena ekseli kwa ekseli mwenyewe, ni kazi ya tepu na mtu mmoja wa kukushikia upande wa pili.